Mficha Uchi Hazai: Tafsida, Dawa na Afya ya Uzazi

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyatwika mizigo inayokinzana, hapana linalonishughulisha kama neno dawa. Dawa ni kile akupacho tabibu ili upone. Dawa, tukiongeza maneno ‘za kulevya’, ni kile akuuziacho mchuuzi wa kichochoroni ukaangamia. Huku kwetu Pwani hata maneno hayo ya kufafanua yamekwisha kudondoka: kijana akisemwa kuwa ‘anatumia dawa’, hapana anayedhani kwamba anaugua malaria. Nao akina baba wakinong’onezana kuhusu ‘dawa’ barazani baada ya swala ya isha, yamkini wanakusudia dawa ya tatu, ile iuzwayo katika vichupa kando ya soko kwa ahadi ya kumrudishia mwanamume alichokipoteza.

Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba dawa hizi tatu ni pingili za mnyororo mmoja. Ile ya kulevya huzaa haja ya ile ya vichupani. Na ile ya tabibu humfikia mgonjwa kwa kuchelewa, kwa kuwa lugha aliyorithi haimwezeshi kuutaja ugonjwa wake. Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeichambua methali hii madarasani kama mfano wa sitiari. Wakunga huichukua kama ilivyo, neno kwa neno, na naona wao ndio walioielewa zaidi.

Nilizaliwa na kulelewa Mombasa, katika mtaa ambao sitautaja kwa kuwa hautofautiani sana na mitaa mingine. Heroini ilianza kuonekana Mombasa, Malindi na Lamu katika miaka ya 1980. Kwanza ilikuwa ile ya rangi ya udongo, iliyovutwa kwa moshi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaenea ile nyeupe, ambayo iliwahamishia wengi kwenye sindano. Kwa hivyo, nilipopata akili, unga ulikuwa tayari ni mkaazi wa mtaa. Nao ulikuja na msamiati wake. Kipimo kidogo kiliitwa kete, kana kwamba watu wanacheza bao. Mraibu aliitwa teja. Mateso ya kuukosa yaliitwa arosto. Pahala pa kukutania paliitwa maskani, neno ambalo kwa asili halina doa lolote. Hata jina ‘unga’ lilichukuliwa jikoni, kwenye kile kile tusongeacho ugali.

Mwanaisimu atasema kwamba hii ni misimu, na kwamba kazi mojawapo ya misimu ni kumficha mambo asiye wa kundi. Ni kweli. Lakini misimu hii ilikutana mtaani na ufichaji mwingine, mkongwe zaidi na wenye heshima zaidi, nao ni tafsida tunayoitumia kuzungumzia mambo ya chumbani. Mapazia mawili yalipoangikwa kwenye mlango mmoja, ndani hapakuonekana kitu.

Nasema hapakuonekana kitu kwa sababu tuliyoyaona yalikuwa ya nje. Tuliona vyombo vikitoweka nyumbani, nguo zikichakaa, vijana wakisinzia kando ya ukuta adhuhuri kweupe. Hatukujiuliza kwa nini ndoa za vijana hao zilikuwa zikivunjika mmoja mmoja, kimyakimya, na kila mke aliyerudi kwao alisema neno lile lile: ‘Hatukuelewana.’ Binti ami yangu alikuwa mmoja wao. Aliishi na mumewe miaka minne bila ya mtoto. Mtaa mzima ulijua kwamba mume alikuwa akivuta unga tangu kabla ya nikaha, lakini aliyepelekwa kwa waganga ni mke. Aliyefukizwa, akafungwa hirizi na kunyweshwa makombe ni mke. Aliyeitwa tasa, kwa sauti ya chini iliyokusudiwa asikie, ni mke. Hatimaye aliachwa. Aliolewa tena kwingine, akazaa. Hapana aliyerudi kumwomba radhi, kwa kuwa hapana aliyewahi kulinganisha mambo hayo mawili: unga wa mume na utupu wa mlezi wa mtoto.

Uhusiano huo haukuwa fumbo kwa wataalamu wa tiba. Chini ya ubongo mna sehemu ndogo inayotoa amri kwa tezi iliyo jirani yake, na tezi hiyo nayo hupeleka amri kwenye korodani za mwanamume au ovari za mwanamke. Heroini, sawa na jamaa zake wote wa ukoo wa afyuni, huinyamazisha amri hiyo katika chanzo chake. Amri isipofika, korodani hupunguza homoni ya testosteroni. Hamu hufifia, uume hukataa kusimama, na mbegu hupungua. Kwa mwanamke, hedhi huvurugika au hukoma kabisa. Hakuna jini wala kijicho hapa. Ni mjumbe aliyezuiwa njiani.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba unga hauanzi kwa kunyang’anya. Huanza kwa kukopesha. Afyuni huchelewesha kilele cha mwanamume, na kijana mwenye wasiwasi wa kumaliza mapema hudhani amepata muujiza. Vidonge vya maumivu vya tramadoli, ambavyo ni vya ukoo huo huo, hutumiwa na baadhi ya vijana kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya miezi kadhaa deni hudaiwa. Yule aliyekuwa akijisifu maskani kwamba halali hadi alfajiri huanza kutafuta visingizio vya kutokwenda nyumbani.

Wala si unga peke yake. Pombe humwondolea mtu haya na kumpa ujasiri, ilhali inadhoofisha mishipa ya fahamu na, inyweka kwa wingi na kwa muda mrefu, hudhuru korodani zenyewe. Sigara hubana mishipa ya damu, na uume hutegemea damu ili kusimama. Miraa, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha miongoni mwa vileo vinavyoweza kutumiwa vibaya mwaka 1980, ina kemikali iitwayo kathinoni ambayo huukimbiza moyo na kuibana mishipa. Makala ya watafiti wa Nairobi iliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki ilikusanya ripoti za watafunaji waliolalamikia kudhoofika kwa uwezo wao na kutokwa na manii pasipo kukusudia. Mwezi Mei 2024 baadhi ya kaunti za Pwani, Mombasa na Kilifi zikiwemo, zilipoipiga marufuku muguka, mjadala mkali ulizuka kuhusu kodi, biashara na mamlaka ya kaunti. Nilifuatilia mjadala huo kwa siku nyingi nikitarajia angalau mtu mmoja autaje wazi wazi upande wa chumbani. Waliougusa waliugusa kwa mzaha, watu wakacheka, mada ikahamishwa.

Hapo ndipo ile dawa ya tatu hupata soko. Mwanamume asiyeweza kusema humwendea muuzaji asiyeuliza. Ikumbukwe kwamba dawa ya kwanza ya kumeza ya tatizo hili, Viagra, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998, baada ya watafiti waliokuwa wakiijaribu kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kugundua athari yake nyingine. Dawa hiyo hutanua mishipa ya damu; haimrudishii mtu homoni iliyozimwa na unga, wala haimtii hamu asiyekuwa nayo. Isitoshe, ikichanganywa na dawa za moyo za jamii ya nitrati, shinikizo la damu huweza kuporomoka hadi kuua. Na maabara za nchi mbalimbali zimegundua mara nyingi kwamba vichupa vinavyoitwa vya mitishamba tupu vimetiwa kemikali hiyo hiyo kisirisiri, bila ya kipimo. Kwa hiyo mraibu anayeficha ugonjwa mmoja hujikuta amenunua wa pili.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, nilijitolea wakati wa likizo ndefu katika kituo kimoja cha afya kilichohudumia waraibu. Kazi yangu ilikuwa kusoma maswali ya fomu kwa wasiojua kusoma na kuandika majibu yao. Fomu ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kabla ya kufika kwetu. Swali moja liliuliza: ‘Je, umewahi kupatwa na upungufu wa nguvu za kiume?’ Kisarufi swali lilikuwa safi, na hapana mhadhiri ambaye angelitia wino mwekundu. Siku ya kwanza niliwauliza wanaume tisa. Wote tisa walijibu hapana, na wawili waliongeza kicheko.

Muuguzi mkuu wa zamu, mama mmoja wa makamo, alikuwa akisikiliza huku akipanga faili zake. Alipoingia mwanamume wa kumi, mama yule aliiweka fomu kando, akavuta kiti, akasema, ‘Babangu, asubuhi ukiamka, mwili nao huamka?’

Yule mtu alitazama mikono yake. Kisha akajibu, ‘Mamangu, huu ni mwaka wa pili hauamki.’

Nimelifikiria swali lile kwa muda mrefu kuliko mashairi mengi niliyotahiniwa. Kitabibu lilikuwa swali barabara, kwani mwili usipoamka alfajiri, tabibu hupata dalili kwamba chanzo ki mwilini, wala si wasiwasi tu wa moyo. Lakini mimi nalitazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Swali la fomu na swali la muuguzi yote mawili ni tafsida. Hakuna lililotaja kiungo kwa jina lake. Tofauti yake ni kwamba tafsida ya kwanza inamhukumu mtu, na ya pili inauliza habari za mwili wake. Neno ‘nguvu’ huugeuza ugonjwa kuwa udhaifu. Nyongeza ya ‘za kiume’ huweka rehani uanaume wote wa mtu: anayekiri kupungukiwa nazo amekiri kupungua yeye mwenyewe. Tukumbuke pia kwamba jina kongwe la mwanamume asiyeweza tendo hilo katika kamusi zetu ni hanithi, na neno hilo mitaani ni tusi la kupigania. Ni nani atakayejitukana mbele ya mwanafunzi mwenye kalamu?

Nimeamini tangu siku hiyo kwamba zipo tafsida zinazofunika na zipo tafsida zinazofunua. Ya kwanza humstahi msemaji. Ya pili humstahi mgonjwa. Tunapofunza kwamba tafsida ni kupunguza ukali wa maneno, tumesema nusu tu ya jambo. Nusu iliyobaki ni kuuliza: baada ya ukali kupungua, je, maana imefika?

Tukigeukia upande wa wanawake, hali ni nzito zaidi. Nguvu za kiume zimepata angalau jina, hata kama jina lenyewe ni baya. Mwanamke aliyepoteza hamu, au anayeona uchungu katika tendo la ndoa, au aliyefungika hedhi kwa sababu ya unga, hana hata kirai cha kunong’ona. Fomu yetu haikuwa na swali lolote juu yake isipokuwa ujauzito na idadi ya wanaume. Ukosefu huu wa neno una madhara yanayopimika. Mwanamke hedhi yake inapokoma hudhani kwamba kizazi kimefungwa, akaacha kujikinga. Hali siyo hivyo. Yai huweza kupevuka mwezi wowote bila ya kubisha hodi. Wapo wanaogundua mimba ikiwa na miezi mitano au sita, na mtoto akazaliwa akitetemeka kwa arosto asiyoitafuta.

Fauka ya hayo, wanawake wengi waraibu huuza miili yao ili wapate kete, na mwenye arosto hana nafasi ya kujadiliana na mteja kuhusu mpira. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waliripoti jambo la kuhuzunisha: baadhi ya wanawake waliojidunga walikuwa wakivuta damu yao ndani ya sindano mara baada ya kujidunga na kumpa mwenzao asiye na fedha ajidunge damu hiyo, wakiamini kuwa ina unga wa kutosha kumtuliza. Ulikuwa ni ukarimu wa maskini kwa maskini, na hapana njia nyepesi kuliko hiyo ya kupitisha virusi. Hapa Kenya, makadirio yaliyotumiwa na serikali katika muongo wa 2010 yalionyesha kwamba asilimia 18.3 ya wanaojidunga walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 5.6 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64. Sindano na kitanda havitenganishwi na ukuta: kinachoingia kwa njia ya kwanza hutoka kwa njia ya pili, kikamfikia mke aliyeketi nyumbani asiyewahi kuiona kete.

Matibabu yapo. Methadoni, dawa ya maji ambayo mraibu huinywa kila siku mbele ya mhudumu ili aachane na heroini, ilianza kutolewa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2014, na ikafika Malindi na Mombasa mwaka 2015. Imewarudisha wengi kazini na majumbani. Lakini methadoni nayo ni ya ukoo wa afyuni, na huweza kumpunguzia mtu hamu na homoni. Tabibu akiambiwa, anaweza kupima damu, akarekebisha kipimo, akamtuliza mgonjwa. Asipoambiwa, mgonjwa husikia maskani kwamba ‘methadoni inaua uanaume’, akaacha dawa na kurudia unga, akidhani anauokoa uanaume huo. Vivyo hivyo mwanamke anayetulia kwenye methadoni mara nyingi hurudiwa na hedhi na uwezo wa kushika mimba. Asipoelezwa mapema, neema hiyo humjia kama ajali. Katika mambo yote mawili, tiba ipo rafuni na dozi inajulikana. Kinachokosekana ni sentensi moja iliyosemwa kwa wakati wake.

Huenda msomaji akauliza: je, si adabu yetu kunyamazia mambo haya? Nami nauliza: adabu ya lini? Waswahili wa kale walikuwa na kungwi na somo, wanawake waliokabidhiwa kazi maalumu ya kumfunza mwari habari za mwili wake kwa maneno, nyimbo na vitendo. Wavulana nao walikuwa na jando. Katika madrasa zetu mtoto wa miaka kumi husoma tofauti ya manii na madhii, husoma hedhi, nifasi na janaba, tena mbele ya mwalimu anayeheshimika, na hapana anayecheka. Lugha ilikuwa na vyumba vya kusemea mambo haya, kila chumba na wenyewe. Tuliyarithi maneno, vyumba vikabomoka. Kezilahabi alipojaribu kujenga chumba kipya ndani ya riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Leo kinasomwa na kutahiniwa vyuoni, na hapana aliyeangamia kwa kukisoma.

Kwa hivyo sidai kwamba tuige lugha ya matusi ya maskani, wala kwamba tuyaazime maneno ya kigeni yenye silabi nane ambayo mgonjwa atayaitikia kwa heshima bila ya kuyaelewa. Kiswahili kinajitosheleza. Kusimika, kukosa hamu, kuchelewa au kuwahi kumaliza, hedhi kukoma, uchungu wakati wa tendo: haya ni maneno safi, mafupi, na hayamdhalilishi yeyote. Yanataja kilichotokea mwilini bila ya kumtaja mwenye mwili kuwa mpungufu. Tofauti ya kusema ‘umepungukiwa nguvu za kiume’ na kusema ‘uume hausimiki tangu lini?’ ni kwamba la pili lina jibu, na jibu hilo lina tarehe. Tabibu akiipata tarehe, huweza kuuliza: unga ulianza lini? Hapo ndipo mambo mawili yaliyotenganishwa na mapazia mawili hukutana, na mgonjwa mwenyewe akaona kwamba hakurogwa. Akiisha kuona hivyo, huelezwa habari njema ambayo wengi hawajapata kuisikia: aachapo unga, ile amri ya ubongo mara nyingi hurudi, na mwili ukarejea.

Wanachama wenzangu, wengi wetu tutakuwa walimu, watangazaji, wafasiri na wakalimani. Fomu kama ile niliyoisoma itakuja mezani kwa mmoja wetu, na malipo yake yatakuwa madogo, na hapana atakayeikagua isipokuwa kwa upatanisho wa kisarufi. Kabla hatujaitia sahihi, twende kituoni tukaketi kando ya muuguzi, tusikilize maneno ambayo wagonjwa huyajibu, tuyaandike. Wahadhiri wetu nao, wanapotugawia mada za tasnifu, wasiyaone maneno ya zahanati kuwa ni haba mbele ya maneno ya washairi. Yuko binti wa mtu, mahali fulani katika mtaa wa Pwani, anafukizwa jioni hii kwa ugonjwa usio wake.